Mistari Minne Niliyoitia Msalaba

Nilirudi Mpanda katikati ya miaka ya tisini nikiwa na cheti cha elektroniki kutoka chuo cha ufundi Dar es Salaam, pasi ya kulehemu, mita ya kupimia umeme, na hasira. Hasira nilizaliwa nayo, lakini Mpanda iliilisha ikanenepa. Nilifungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na stesheni ya reli, na karibu kila mteja aliyeingia alichungulia nyuma ya mgongo wangu. "Fundi yuko wapi, dada?" Nikimwambia fundi ndiye mimi, anaikumbatia redio yake kana kwamba nimetaka kumwibia. Mmoja alisema atarudi mume wangu akishafika. Sikuwa na mume, na kwa jinsi nilivyomjibu siku ile, nadhani alielewa kwa nini.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wangeniuliza ilikuwaje nikanyamaza. Hawaniulizi, maana wengi hawajui. Najiuliza mwenyewe, na jibu huanzia pale kibandani.

Hospitali ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Kakese. Maji yake yalitoka kwenye kisima kirefu: pampu ya umeme chini kabisa ardhini, bomba, kisha tanki la saruji juu ya nguzo nne. Wafadhili walioijenga waliacha kisanduku cha chuma ukutani mwa kibanda cha pampu, na kisanduku hicho ndicho kilichoamua pampu iwake lini na izime lini. Masika ya mwaka ule radi ikapiga. Kisanduku kikafa, na tangu hapo mzee wa pampu akawa anawasha na kuzima kwa mkono. Akichelewa kuzima, maji yanamwagika uwanjani. Akichelewa kuwasha, wodi ya wazazi inakaa bila maji. Mafundi watatu wa mjini walikuja, wakafungua, wakaangalia, wakafunga. Ndipo katibu wa hospitali akanitumia ujumbe.

"Wewe jaribu tu, dada," aliniambia nilipofika. "Hata ukishindwa hatupotezi kitu."

Nilimwitikia kwa adabu, lakini moyoni niliapa kwamba kile kisanduku kitafufuka hata kama nitalala nacho.

Ndani nilikuta kila kitu kizima isipokuwa kimoja: chipu nyeusi yenye miguu ishirini. Niliijua. Chuoni tulifundishwa chipu za aina hiyo muhula wa mwisho, na katika darasa zima sijui kama kulikuwa na mwingine aliyezipenda. Chipu za kawaida hutoka kiwandani na kazi yake tayari, kama jembe linavyotoka likiwa jembe. Hizi huja tupu. Ndani kuna vijia vingi vidogo mno vinavyokatana, na wewe ndiye unayeamua kipi kiungwe na kipi kikatwe. Unachoiandikia ni sentensi zinazojengwa kwa maneno matatu tu: NA, AU, SI. Kabla hujaiandika haijui lolote. Ukishaiandika hufuata hayo hayo uliyoyaandika, bila kuongeza wala kupunguza, na haikuulizi ulimaanisha nini. Mwandishi wake anaweza pia kuifunga ili mwingine asisome alichoandika. Ile ya hospitali ilikuwa imeungua, na hata kama isingeungua, nina hakika ilikuwa imefungwa. Aliyeiandika alikuwa Ulaya huko. Kilichobaki ni mimi kufikiri upya aliyoyafikiri yeye, kisha niandike ya kwangu.

Kwa hilo nilimhitaji mzee wa pampu.

Alikuwa Msukuma aliyehamia huku zamani na ng'ombe wa baba yake. Mbung'o wa maporini wakawamaliza wengi, akabaki na majike wawili na kazi ya pampu. Aliishi na mkewe kwenye nyumba ya hospitali, hatua chache kutoka kwenye tanki. Mkewe alikuwa na vidonda vya tumbo vya muda mrefu, mama mwembamba mwenye sauti ndogo, na kukaa pale karibu na daktari ndiko kulikomshikilia. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa mzaha. Siku ya kwanza tu aliniita "mchumba", kwa utani wa babu na mjukuu, na hakuniita vingine tena. Ndiye mtu wa kwanza Mpanda aliyeniona nimeshika bisibisi akanisogezea kigoda badala ya kuuliza fundi yuko wapi.

Nilimhoji siku nzima nikiandika daftarini. Tanki lilikuwa na maboya mawili. Boya la chini likielea, maji yapo. Likilala, tanki linakauka. Boya la juu likielea, tanki limejaa. Kisimani kulikuwa na waya wa kupima kama maji yapo ya kuvuta. Jambo la nne ni pampu yenyewe, inazunguka au imesimama. Hayo manne ndiyo yaliyoingia kwenye chipu, na kilichotoka ni amri kwa pampu na amri nyingine kwa taa nyekundu iliyokuwa ukutani kwa nje, ikitazama nyumba ya mzee. Nikamuuliza taa ile ni ya nini.

"Kale kabalbu? Kananiita."

"Kanakuita lini, babu?"

"Nikisahau. Nikisahau tu, kenyewe kanawaka. Nakaona hata nikiwa mlangoni kwangu, nakuja."

Nilicheka kidogo. Nikaandika: taa nyekundu, kisima kukauka. Nilidhani anachosahau ni kuangalia kisima. Sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, nimewaambia hivyo vijana wengi niliowafundisha kazi tangu wakati ule, na kila nikisema nasikia uso unanichoma.

Nyumbani nilichora jedwali. Mambo manne, kila moja ndiyo au hapana, yanazaa mistari kumi na sita, na kila mstari unataka jibu: pampu iwake au isiwake. Mistari minne kati ya hiyo ilinichekesha. Ilisema boya la juu linaelea wakati boya la chini limelala, yaani tanki limejaa na limekauka kwa wakati mmoja. Haiwezekani. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba hali isiyowezekana usiipotezee muda: tia alama ya msalaba, maana yake jibu liwe lolote, kwa kuwa halitatokea. Tena misalaba ni mali, kwa sababu inakuruhusu kufupisha sentensi. Badala ya kuandika "kama boya la chini limelala NA boya la juu limelala", unaandika "kama boya la chini limelala", ukaishia hapo. Nikatia misalaba yangu minne. Sentensi ya pampu ikawa hivi: kisima kina maji, na zaidi ya hapo, ama boya la chini limelala, AU pampu tayari inazunguka na boya la juu halijainuka. Basi. Nilikaa nikiitazama kwa furaha ambayo sijaipata kwa mwanamume wala kwa pesa.

Kumbe ningeweza kuongeza maneno mawili tu na mistari ile minne ingesema: simamisha pampu, washa taa. Nafasi kwenye chipu ilikuwepo tele. Nilipenda tu iwe fupi.

Nikaiandika kwa mwandiko safi, nikamtumia mwalimu wangu Dar kwa treni. Yeye alikuwa na kompyuta na kifaa cha kuandikia chipu. Baada ya majuma matano ikarudi ndani ya kiberiti kitupu, miguu imechomekwa kwenye kipande cha godoro. Nikaipachika, nikawasha. Pampu ikavuta, tanki likajaa, pampu ikazima yenyewe. Masista walipiga makofi. Katibu akaniita "fundi" mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na wiki ile ile redio zikaanza kuja kibandani zenyewe, bila kuchungulia mgongo wangu. Nilivimba kichwa, sifichi.

Miezi kadhaa baadaye nilipita hospitali kwa shughuli nyingine, mzee akaniwahi getini.

"Mchumba, mbona kale kabalbu siku hizi hakaniiti?"

Nilikuwa na haraka, na nilichukia kuulizwa habari za kitu nilichokwisha kukitengeneza. Nikamwambia, "Babu, isipowaka ujue mambo ni mazuri."

"Haya. Nyie ndio mnaojua," akasema, akanipisha njia.

Sasa niseme kile ambacho hospitali nzima ilikijua isipokuwa mimi. Mke wa mzee alikuwa anakunywa maziwa freshi kwa ajili ya tumbo lake. Ya mgando yalimchoma. Na kwa joto la Mpanda, maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hayafiki mchana. Kwa hiyo kila asubuhi mzee alikamua, akapanda ngazi ya tanki, akafunua mfuniko, akateremsha kidumu kwa kamba mpaka kikazama shingoni kwenye maji ya baridi. Kamba ilikuwa inajinyonga kwenye mkono wa boya la juu, basi yeye aliuinua mkono ule akaufunga kwenye kipago cha ngazi kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Mchana alitoa kidumu, akafungua utepe. Alifanya hivyo miaka. Siku akisahau kufungua, boya la juu lilibaki juu, maji yakashuka na matumizi ya wodi, boya la chini likalala, na ile chipu ya zamani ikasimamisha kila kitu ikawasha taa nyekundu. Mzee akaiona kutoka mlangoni kwake, akaja. Taa ilikuwa inamwita akisahau, kama alivyoniambia neno kwa neno. Habari ya maziwa wapishi walijua, wauguzi walijua; maana ya taa aliijua mzee peke yake. Hakuna aliyenificha. Nani angefikiri kwamba maziwa ni habari ya umeme?

Mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kuona maziwa yakipozwa kwenye tanki la hospitali alikuwa ameuheshimu ule mstari usiowezekana, akaupa taa. Mimi wa hapa hapa nikautia msalaba.

Ilikuwa Oktoba, wakati ambao hata vumbi linaonekana lina kiu. Mzee alikuwa juu ya ngazi, kidumu kimeshazama na utepe umeshafungwa, alipoitwa kwa sauti kutoka chini: kaka yake amefariki, kule Kakese. Kwetu msiba hauna "ngoja nimalize". Alishuka akaondoka. Lakini hakuondoka hovyo, na hili nataka lieleweke vizuri. Alipita jikoni akamwambia mpishi, "Ukiona kale kabalbu kekundu kamewaka, mtume mtu apande akafungue mpira." Kisha akaenda na mkewe kuzika, wakakaa matanga, kama inavyopasa.

Taa haikuwaka. Boya la juu lilikuwa limefungwa likidai tanki limejaa. Maji yakashuka, boya la chini likalala, na chipu yangu ikasoma sentensi yangu fupi: boya la chini limelala, washa. Pampu ikawaka. Maji yakapanda kidogo tu, boya la chini likaelea. Sasa la juu linasema limejaa, basi zima. Wauguzi wakachota ndoo chache, boya likalala tena: washa. Zima. Washa. Zima. Mota ya pampu haikuumbwa kwa maisha hayo. Kila inapoanza hubeba mzigo mkubwa wa umeme, hupata joto, na inahitaji kupumua. Siku mbili nzima, kila umeme wa mji ulipokuwepo, ilianzishwa na kuzimwa kila baada ya dakika chache. Mpishi alisikia ikiguna, akaangalia taa, taa haijawaka, akarudi kwenye masufuria yake. Siku ya tatu iliungua.

Nilifika asubuhi ya siku ya nne. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wakitoka na ndoo kwenda mtoni, na mto wenyewe ulikuwa umebaki madimbwi. Wodi ya wazazi walikuwa wanatumia maji ya ndoo moja kwa mama watatu. Katibu alituita ofisini: mimi, mpishi, na mzee, ambaye alikuwa amerudi kutoka msibani bado na kichwa kilichonyolewa. Mezani kulikuwa na kidumu cha maziwa na utepe wa tyubu. Niliuona utepe ule nikajua. Sikuhitaji daftari. Niliona mistari yangu minne na misalaba yake, nikaona jinsi pampu ilivyouawa, hatua kwa hatua, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo.

"Umefunga boya kwa ajili ya maziwa," katibu alisema. "Ukaondoka."

"Nilifunga, ni kweli," mzee akajibu. "Lakini nilimwachia mpishi maneno. Nilisema kale kabalbu kakiwaka, wafungue."

"Aliniambia," mpishi akasema. "Nimekaangalia siku zote. Hakakuwaka."

Katibu akanigeukia. "Fundi. Hiyo taa huwa inawaka boya likifungwa?"

Swali lilikuwa na majibu mawili. La kwanza: kwenye chipu niliyoiandika mimi, hapana. La pili: kwenye ile ya zamani, huenda ndiyo, na mzee aliniambia hivyo, na mimi sikumsikiliza. Mafundi wale watatu niliwafikiria. Nilifikiria vichwa vikichungulia nyuma ya mgongo wangu.

"Hapana," nikasema. "Taa ile ni ya kisima kikikauka."

"Nimeiona kwa macho yangu," mzee akasema. Hakupaza sauti. "Miaka yote ilikuwa inawaka. Mchumba, si ulisema isipowaka mambo ni mazuri?"

"Ulimwambia hivyo?" katibu aliniuliza.

"Nilikuwa nazungumzia kisima."

Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Ndivyo nilivyojiambia nikiwa njiani kurudi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikulisikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe.

Katibu alitikisa kichwa, akasema kwa huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko matusi: "Mzee, taa hiyo haijawahi kufanya hivyo. Labda unachanganya mambo. Umri nao."

Mzee alinitazama muda. Alikuwa ananisubiri, hilo nalijua mpaka leo. Kisha akainama.

"Basi labda nimezeeka," akasema.

Alipewa barua wiki ile ile, na mwisho wa mwezi wakahama nyumba. Walikwenda Sibwesa, alikokuwa mwanawe mkubwa na mifugo yake. Siku wanaondoka nilijifungia kibandani nikawasha redio tatu kwa mpigo. Mkewe alikaa juu ya mizigo, mbali sasa na daktari wake. Hayo nilisimuliwa, sikwenda kumuaga.

Ilikuja mota mpya mvua zilipoanza. Baada ya hapo nilipata kazi Litapunga, kwenye zahanati iliyojengwa na wafadhili wale wale, yenye kisanduku kile kile, kizima, na chipu yake ya asili. Walikuwa na tatizo la waya tu. Nilipomaliza nilimwomba mhudumu aniache kidogo. Nikapanda kwenye tanki, nikashika maboya kwa mikono yangu, nikaanza kupitia mistari kumi na sita mmoja mmoja, kama mtu anayesali rozari. Nilipofika mstari ule, la juu juu, la chini chini, nikashusha pumzi nikaangalia ukutani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nililia pale juu ya ngazi, kwa aibu na kwa hasira, safari hii hasira ya kujichukia.

Unadhani nilikwenda moja kwa moja kwa katibu? Niliandika sentensi mpya. Chipu yangu ilikuwa ya aina inayofutika. Mwalimu wangu aliifuta akaiandika upya, misalaba minne ikapata majibu, nikairudisha hospitali nikasema nimeiboresha. Wakanishukuru. Katibu yule alihamishwa mwaka uliofuata, na mpishi akaolewa Sumbawanga. Kila aliyekuwa ofisini siku ile aliondoka na ile picha ya mzee aliyeota taa.

Mwaka wa tatu mama mmoja wa Sibwesa alileta redio kibandani. Tukiwa tunasubiri risasi ya kulehemu ipoe nikamuuliza, kwa sauti ya kujifanya sijali, kama anamfahamu mzee mmoja Msukuma aliyekuwa hospitali.

"Yule wa taa?" akasema. "Masikini. Akili ilimruka. Mwanawe kamnyang'anya hata kuchunga. Anafunga zizi, anarudi kuangalia kama kafunga, anarudi tena. Anamuuliza mkewe, nimefunga? Mkewe anamwambia umefunga. Haamini. Anasema yeye huona vitu visivyokuwepo."

Sikumtoza yule mama. Kesho yake nilipanda lori la mahindi.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, anachambua karanga. Alikuwa amepungua. Aliniangalia usoni akanitambua, na nikasubiri aniite mchumba. Alisimama akasema, "Karibu, mama," kama anavyomkaribisha bibi afya. Hilo nusura linirudishe kwenye lori.

Mkewe alitoa kigoda akakaa mlangoni. Nikamwambia mzee nimekuja kusema kitu kuhusu pampu. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilichukua vijiti viwili nikavisimamisha kwenye mchanga, hiki boya la juu, hiki boya la chini, nikamweleza. Nilimweleza chipu ni nini, nani anaiandika, na kwamba haijui ila kile ulichoiandikia. Nikamwambia kuhusu mistari kumi na sita. Nilipofika kwenye ile minne aliniwahi. Alishika kijiti kimoja akakiinua, kingine akakilaza.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo nilikuwa nafanya mimi."

"Ndiyo, babu."

"Na wewe ukasema haiwezekani."

"Nilisema haiwezekani. Nikaiacha."

"Na zamani, kabla ya wewe. Taa ilikuwa inawaka."

"Ilikuwa inawaka. Nimeiona Litapunga kwa macho yangu. Hukuota, babu. Mimi ndiye niliyeitoa, na ofisini nikanyamaza."

Alibaki ameshika vile vijiti. Sikuweza kusoma uso wake. Mkewe ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ndogo, hakuwa anasema na mimi: "Nilikuwa namwambia hakuota. Miaka mitatu namwambia."

Mzee aliweka vijiti chini taratibu, kimoja kando ya kingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, na njiani nilishafikiria nitalia vipi. Hakunipa kimoja wala kingine.

"Ngoja mwanangu arudi na ng'ombe," alisema. "Umwambie yeye. Mimi nikisema haya ataona ni yale yale."

Lori langu lilikuwa linarudi mchana ule. Nililiacha likaenda. Tulikaa watatu tukichambua karanga, na mara mbili mzee aliniuliza tena kama kweli ilikuwa inawaka, na mara mbili nikamwambia ilikuwa inawaka. Mkewe alipika ugali na mlenda, tukala. Jua likiwa limeshuka ng'ombe wakaingia, na nyuma yao mwanawe, mtu mzima mwenye sura ya baba yake, fimbo mabegani. Alinisalimia. Mzee akamwambia akae, huyu mama ana neno.

Nikasimulia upya, tangu radi mpaka Litapunga, na safari hii sikuruka kitu. Nilimwambia swali la katibu na jibu langu. Alisikiliza bila kunikatisha, akichora mchangani kwa ncha ya fimbo. Nilipomaliza aliendelea kuchora mpaka nikadhani hakuelewa habari za chipu, nikaanza kueleza tena. Akainua mkono kunizuia.

"Za chipu nimeelewa," akasema. "Nauliza kingine. Wewe haya uliyakumbuka lini?"

Baba yake alikuwa ameacha karanga, ananitazama kama alivyonitazama siku ile ofisini.

"Sikuyasahau hata siku moja," nikamwambia.